Maswali na Majibu: Wapelelezi, Mawakili na Majaji katika Tamthilia za Korea

Barua za safari hii karibu zote zinahusu tamthilia za Korea Kusini za uhalifu na mahakama. Nimezifupisha. Ninayejibu ni mtazamaji wala si mwanasheria, lakini palipohitaji maelezo ya sheria ya huko nimeyaeleza kama yalivyo.

Mimi na mume wangu tumechoshwa na hadithi za kijana tajiri na binti maskini. Tukitaka za upelelezi tuanzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Anzeni na Stranger, iliyorushwa na kituo cha tvN mwaka 2017 katika sehemu 16. Mhusika mkuu, mwendesha mashtaka Hwang Si-mok, anayeigizwa na Cho Seung-woo, alifanyiwa upasuaji wa ubongo utotoni na tangu hapo hisia zake zimefifia, hivyo hacheki, halii, na wala hajui namna ya kujipendekeza kwa wakubwa. Anafika nyumbani kwa mfanyabiashara aliyekuwa akiwahonga wenzake ofisini na kumkuta ameuawa. Fundi wa televisheni anakamatwa, na picha iliyonaswa na kamera ya gari lililokuwa barabarani inamtia hatiani, kwa kuwa inaonekana kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa hai fundi alipoingia. Kesi inakwisha haraka kuliko mlivyotarajia, mfungwa anajiua akishikilia kwamba hana hatia, na hapo ndipo hadithi inapoanza hasa: picha ile ilionyesha nini, na nani alitaka ionekane?

Mapenzi hamtayakuta. Kuna Inspekta Han Yeo-jin, anayeigizwa na Bae Doona, na kuaminiana kwake na Hwang kunajengwa polepole kwa kazi tupu bila hata kushikana mikono. Kwa maoni yangu hakuna tamthilia nyingine ya aina hii iliyoifikia, na nasema hivyo nikijua kwamba wapenzi wa Signal, tamthilia nyingine ya upelelezi nitakayoifikia hapa chini, watanuna.

Kwa nini katika tamthilia hizi mwendesha mashtaka ndiye anayevamia ofisi, kubeba makasha ya nyaraka na kuhoji watuhumiwa usiku kucha? Polisi wao wanafanya nini? (Msomaji, Mombasa)

Swali lako ni la msingi, kwa sababu asiyelielewa jambo hili ataona nusu ya hadithi hizi ni chumvi. Kwetu tumezoea kwamba polisi ndio wanaopeleleza, jalada likishaiva hupelekwa kwa ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka, naye husoma na kuamua. Korea ilikuwa na mpango tofauti kwa miongo mingi: mwendesha mashtaka alikuwa na mamlaka ya kupeleleza mwenyewe, ya kuwaamuru polisi katika upelelezi wao, na ya kuamua peke yake nani afikishwe mahakamani na nani aachwe. Juu ya hayo, katiba yenyewe inasema hati ya kukamata au ya kupekua hutolewa na jaji kwa maombi ya mwendesha mashtaka, kwa hiyo polisi mwenye ushahidi mkononi bado anapaswa kupita kwake. Makasha yale ya samawati unayoyaona yakitolewa katika majengo ya makampuni si mapambo ya mtunzi; ndivyo yanavyoonekana hata katika taarifa za habari za Seoul.

Mamlaka ya namna hiyo mkononi mwa ofisi moja huzaa mambo mawili, na tamthilia zinayala yote mawili kama chakula. La kwanza ni kwamba anayetaka kesi izimwe anajua mlango wa kubisha. La pili ni utiifu wa ngazi. Waendesha mashtaka huhesabiana kwa kundi walilomaliza nalo mafunzo, na ilikuwa desturi kwamba mtu wa kundi la chini akipandishwa kuwa mkuu, wakubwa zake hujiuzulu ili asilazimike kuwaamuru. Ukimwona mtu mzima katika Stranger akiinamisha kichwa mbele ya bosi anayejua fika kwamba ni mla rushwa, usidhani ni mwoga tu. Anapigia hesabu maisha yake yote ya kazi.

Mwaka 2021 sheria ilibadilika. Polisi waliondolewa chini ya amri ya waendesha mashtaka katika kesi nyingi, aina za makosa ambayo waendesha mashtaka wangeweza kuyapeleleza wenyewe zikapunguzwa, na Januari mwaka huohuo ikaanza kazi ofisi mpya ya kuchunguza ufisadi wa viongozi wa juu. Msimu wa pili wa Stranger, wa mwaka 2020, umejengwa juu ya mvutano huo kabla haujaisha: Hwang na Han wanajikuta pande mbili za meza, yeye kwa waendesha mashtaka na mwenzake kwa polisi. Wengi waliuona mzito, na kweli sehemu za mwanzo ni vikao juu ya vikao. Mimi niliupenda kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa haukumpa mtazamaji upande wa kuushangilia.

Je, ni kweli kwamba Signal ni kisa kilichotokea? (Msomaji, Bukoba)

Redio ya upepo inayowaunganisha askari wa miaka ya nyuma na mwenzake wa leo, kila inapofika saa 5:23 usiku, ni kazi ya kichwa cha mtunzi Kim Eun-hee. Kesi zilizomo ndani, hata hivyo, zimechota sana katika mambo ya kweli, na kubwa kuliko zote ni mauaji ya Hwaseong, wilaya iliyo kusini ya Seoul, ambako wanawake na wasichana 10 waliuawa kati ya mwaka 1986 na 1991. Zaidi ya watu 20,000 walichunguzwa na muuaji hakupatikana. Wakati huo sheria ya Korea iliweka ukomo wa miaka 15 wa kushtaki kosa la mauaji, kwa hiyo mwaka 2006 hata kesi ya mwisho ilikuwa imekufa kisheria: muuaji angeweza kujitokeza hadharani na asishtakiwe.

Ukomo huo ndio adui halisi wa Signal. Angalia mwanzo wake, pale mshukiwa wa utekaji wa mtoto amekaa chumba cha mahojiano, amenyamaza, macho yake yako kwenye saa ya ukutani, kwa sababu anajua kwamba akivumilia dakika chache tu atakuwa amepona. Hakuna bastola wala kufukuzana kwa magari, ila mshale wa saa tu, na sijaona mwanzo wa tamthilia uliokamata roho kama ule.

Sasa sikiliza yaliyofuata nje ya skrini. Mwaka 2015 Korea ilifuta ukomo kwa makosa ya mauaji, kwa sheria inayoitwa kwa jina la mtoto Tae-wan, aliyemwagiwa tindikali mjini Daegu mwaka 1999 akafariki. Muda wa kesi yake mwenyewe ulikuwa umekwisha, hivyo sheria yenye jina lake haikumfaa yeye. Signal ikarushwa mapema mwaka 2016. Mwaka 2019 vinasaba vilivyohifadhiwa viliwafikisha polisi kwa Lee Choon-jae, ambaye alikuwa gerezani tangu 1994 akitumikia kifungo cha maisha kwa kumuua shemeji yake. Alikiri mauaji 14, lakini kwa yale ya Hwaseong hakuweza kushtakiwa, kwa kuwa sheria mpya haikurudi nyuma kufufua kesi zilizokwisha kufa.

Lipo na jingine linaloniuma kuliko hilo. Mojawapo ya mauaji yale 10 lilikuwa na mfungwa tayari: kijana aliyekamatwa mwaka 1989, akateswa hadi akakiri, akakaa gerezani miaka 20, na akatangazwa hana hatia Desemba 2020. Ukiitazama Signal leo, ile shauku ya askari kumpata mtu wa kumfunga kwa gharama yoyote inatisha kuliko ilivyotisha mwanzoni.

Mimi ni karani wa mahakama. Mahakama za tamthilia hizi zinafanana na za kwao kweli? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sehemu. Majaji wa Korea huvaa majoho bila mawigi, nyundo hawagongi ingawa watengenezaji huiweka mezani kwa kupenda mlio wake, na mawakili kwa kawaida huvaa suti. Baraza la raia lipo tangu mwaka 2008, lakini mshtakiwa ndiye anayeliomba, na uamuzi wake ni ushauri tu kwa jaji, kama ilivyokuwa kwa wazee wa baraza katika mahakama zetu. Kwa hiyo hotuba ndefu ya kuliza baraza, ambayo tamthilia huitegemea, haiwezi peke yake kumwachia mtu. Ukitaka inayokaribia kazi yenu ya kila siku, tafuta Miss Hammurabi ya 2018, iliyoandikwa na Moon Yoo-seok akiwa bado jaji: kesi za madai, majaji watatu katika chumba kimoja, na marundo ya mafaili yasiyopungua.

Extraordinary Attorney Woo umeionaje? (Msomaji, Dodoma)

Ni nzuri, ina moyo mwema, na Park Eun-bin ameigiza kwa uangalifu mkubwa wakili mwenye usonji. Ilianza na chini ya asilimia 1 ya watazamaji katika kituo kidogo cha ENA mwaka 2022 na kumaliza na zaidi ya asilimia 17. Kesi nyingi si za jinai, na zile za mwanzo ni bora kuliko za mwisho.

Nina wasiwasi na tamthilia za kulipiza kisasi kama Taxi Driver na Vincenzo. Zinawafundisha vijana kwamba sheria haina maana. Wewe unazitetea? (Mzazi, Unguja)

Sizitetei, mzazi wangu, lakini ni vizuri kujua hasira ile inatoka wapi. Sheria ya Korea inamruhusu jaji kusimamisha kifungo kisichozidi miaka 3, na kwa muda mrefu wenye makampuni makubwa walipotiwa hatiani walipewa hukumu iliyofanana mno: miaka 3, iliyosimamishwa kwa miaka 5, kisha msamaha wa rais. Ilikuwa hivyo kwa mwenyekiti wa Hyundai, Chung Mong-koo, mwaka 2007, na kwa Lee Kun-hee wa Samsung mwaka 2009. Vilevile kuna mtu aliyembaka mtoto mwaka 2008 akapewa miaka 12 kwa sababu mahakama ilizingatia kwamba alikuwa amelewa. Alitoka Desemba 2020 huku watu wakiandamana barabarani, na miezi minne baadaye Taxi Driver ilifungua pazia kwa mhalifu wa namna hiyo akitoka gerezani na kutekwa na dereva wa teksi.

Naelewa basi kwa nini Mkorea anapumua anapoona hivyo. Tatizo langu ni la utunzi. Mtekaji hakosei mtu hata siku moja. Katika Taxi Driver anayeadhibiwa huwa ndiye, na katika Vincenzo, pamoja na vichekesho vyake vya wapangaji wa jengo la Geumga ambavyo nilivifurahia, wabaya ni wabaya hadi kucha. Mtazamaji haulizwi swali lolote. Moon Yoo-seok huyohuyo, baada ya kuacha ujaji, aliandika The Devil Judge ya 2021, ambamo jaji anaendesha kesi mubashara na wananchi wanapiga kura kwa simu, na angalau yeye anatuonyesha umma ule unavyogeuka na kuwa wa kuogopwa. Vijana wako wakipenda Taxi Driver, kaa nao na uwaulize ingekuwaje teksi ile ingembeba yule kijana wa Hwaseong mwaka 1989, wakati nchi nzima ilikuwa na hakika kwamba ndiye.

Mwanangu ana miaka 13 na anataka kuitazama Juvenile Justice kwa kuwa inahusu watoto. Nimruhusu? (Baba, Kigoma)

Hapana, bado. Inahusu watoto lakini haikutengenezwa kwa ajili yao, na kesi yake ya kwanza ni ya mtoto mdogo aliyeuawa. Wewe itazame. Kim Hye-soo anaigiza jaji asiyeficha kwamba anawachukia wahalifu watoto, katika nchi ambayo aliye chini ya miaka 14 hawezi kupewa adhabu ya jinai na hatua kali kuliko zote anayoweza kuchukuliwa ni shule ya maadilisho kwa muda usiozidi miaka 2. Ina sehemu 10 tu, na ubora wake ni kwamba jaji huyo anawakasirikia wazazi kuliko watoto.

Kila mfungwa anapotoka gerezani anapewa kitu cheupe ale. Ni nini? (Msomaji, Tanga)

Ni tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa. Ni desturi yao: aliyetoka ale kitu cheupe, aishi safi, asirudi tena.

Ni ipi iliyokushinda kuimaliza? (Msomaji, Arusha)

Mouse, ya mwaka 2021. Inauliza ingekuwaje kama mama mjamzito angeambiwa kwamba mimba yake ina vinasaba vya muuaji, na swali hilo lingetosha, lakini hadithi inapindapinda kiasi kwamba mtu hupoteza hamu ya kujua nani ni nani. Nilichokosa zaidi ni watu: muuaji anaelezwa kwa damu yake, na majirani, polisi na walimu wanabaki mandhari. Miezi hiyohiyo kituo cha JTBC kilikuwa kinarusha Beyond Evil, ya Shin Ha-kyun na Yeo Jin-goo, iliyopata tuzo ya Baeksang ya tamthilia bora. Humo kijiji kizima kimekaa na siri miaka 20, na kila anayekaa kwenye ile bucha yao kula nyama na kunywa pombe amewahi kunyamazia jambo. Na kama unavutiwa hasa na akili ya muuaji, Through the Darkness ya 2022 imetokana na kazi ya Kwon Il-yong, mchambuzi wa kwanza wa tabia za wahalifu katika polisi ya Korea, na inaonyesha kazi hiyo inavyomla anayeifanya. Ina sehemu 12; mbili za mwanzo zinakwenda taratibu, zivumilie.