Glaida ikivutwa na ndege, usiogope kamba kukatika

Ndugu uliyeuliza kama kamba ikikatika glaida (ndege isiyo na injini, inayopandishwa kwa kuvutwa na ndege yenye injini) inadondoka: hata mimi nilikuwa na hofu hiyohiyo, mpaka nilipofundishwa huko Ujerumani kabla sijarudi Malindi.

Kamba ni mita 50 hivi, na ina kiungo dhaifu kilichotiwa makusudi, kama fyuzi. Mvuto ukizidi, hukatika hicho, ndege zibaki salama. Ikitokea mko chini, unainamisha pua upate mwendo, unatua mbele yako. Mkiwa juu vya kutosha unageuka kurudi uwanjani. Basi. Glaida haina injini ya kukuzimikia.

Kinachoua ni kumpanda juu anayekuvuta. Glaida ni nyepesi, huachana na ardhi mapema kuliko ile ndege. Hapo unaibana mita moja, mbili juu ya nyasi, umngoje mwenzako. Ukiiachia ipae, kamba inamnyanyua mkia, pua yake inaelekea chini, na kama bado hajapata kimo hana pa kujiokolea. Yeye naye ana kishikio cha kukuachia, ila mambo hayo huuwahi mkono. Marubani wavutaji wamekufa hivyo.

Sisi wana wa wavuvi tunaijua sura yake: mashua imevutwa na boti ya injini, ya nyuma ikienda kombo, inamburura wa mbele tezi, na omo wake unapotea njia. Baharini angalau hakuna juu na chini.

Aibu yangu sasa. Kwenye kona nilikata kwa ndani, kamba ikalegea ikafanya tumbo. Nikashtuka, nikavuta usukani kwangu. Mwalimu aliyekaa nyuma akafoka "Acha!", akakanyaga pedali kidogo, pua ikaenda kando, kamba ikakaza taratibu. Ingekaza kwa mshindo, fyuzi ingekwenda. Tangu siku hiyo, mvutaji akipinda, pua yangu naielekeza ncha ya bawa lake la nje.

Kwenye kimo cha mita 600 unavuta kishikio cha njano, unasikia "tak!", unahakikisha kwa macho kamba imekwenda, ndipo unageuka. Na mvutaji akikutikisia mabawa kabla ya hapo, usiulize kuna nini. Achia hapohapo.