Hesabu kodi kabla ya kununua nyumba

Mhariri, wiki hii mmeuliza mtu mwenye akiba ya kiasi aanzie wapi akitaka kuwekeza katika nyumba za kupangisha jijini Nairobi. Rai yangu ni kwamba aanze na hesabu ya kodi ya pango itakayobaki mkononi mwake baada ya kila mwenye haki kuchukua chake, kwa kuwa wengi wetu huanza na picha za jengo tulizotumiwa na wakala.

Tuchukulie fleti ya vyumba viwili inayouzwa shilingi milioni 6 na kupangishwa kwa shilingi 35,000 kwa mwezi. Wakala atakwambia kwamba inaingiza 420,000 kwa mwaka, yaani asilimia 7. Ushuru wa stempu, unaolipwa serikali umiliki unapohamishwa na ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, atautaja mkiwa mnaagana, nao ni shilingi 240,000 kabla hujakabidhiwa ufunguo, mbali na ada ya wakili. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu, mapato yanashuka hadi 385,000. Mwenye nyumba za makazi anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, asilimia 7.5 ya kodi yote anayolipwa na wapangaji, gharama zake zisihesabiwe, na hutakiwa kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapo zinatoka 28,875. Ada ya lifti, walinzi na taka ikiwa 4,000 kwa mwezi, zinaondoka 48,000 nyingine, na za mabomba na rangi tuseme 20,000. Kinachosalia ni takriban 288,000, ambazo hazifiki asilimia 5 ya bei. Aliyenunua kwa mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 13 atakuwa akimsaidia mpangaji wake kulipa kodi.

Kwa sababu hiyo, mimi ningetazama bedsita, yaani nyumba za chumba kimoja kimoja, za mitaa kama Zimmerman au Kasarani, ambako kodi ya kila chumba ni ndogo lakini vyumba ni vingi, na mpangaji mmoja akihama hahami na mapato yote. Huko usiende na wakala. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, utazame kama ngazi zimejaa jerikeni za manjano, dalili kwamba bomba halitoi maji, kisha umuulize muuza maji wa mkokoteni wapangaji wa ploti zipi, yaani majengo yapi ya kupangisha, hununua maji kwake kila siku. Ploti hizo ndizo zinazohamwa hovyo, hata zikiwa na vigae vya kupendeza, na muuza maji hana sababu ya kukuficha.

Suala la hati ni fupi, ingawa ndilo linaloangamiza watu. Fanya upekuzi kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, ujue miaka iliyosalia kwenye lizi, yaani mkataba wa kukodi ardhi, na madeni ya kaunti. Na ukinunua fleti, dai hatimiliki ya fleti yenyewe, kama inavyoruhusiwa na sheria ya mwaka 2020.

Ambaye akiba yake bado haitoshi asikimbilie mkopo. Hatifungani za serikali, ambazo ni kuikopesha serikali ikulipe riba, zinapatikana kuanzia shilingi 50,000, hazina bomba linalopasuka usiku, na riba yake inaweza kukusanywa pamoja na akiba ya sacco, yaani chama cha kuweka na kukopa, hadi ifike kiasi cha kununulia ploti bila deni.