Maswali ya Wasomaji: Baba Yetu Hakuwa na Cheo, Tuandike Nini?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Pangani akiwa na umri wa miaka 83, na mwezi ujao tunamsomea hitima ya mwaka. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani, lakini watu wa mtaani walimjua zaidi kama balozi wa nyumba kumi, kazi aliyoianza mwaka 1969 akaishika mpaka miguu ilipomkatalia. Jioni alifundisha kisomo, na wapo wanafunzi wake waliokuwa wakivuka mto kutoka Bweni kwa mtumbwi kuja darasani. Sanda za maiti wa mtaa alizikata bila kupokea hata senti moja. Mimi na wadogo zangu tunataka kuandika kijitabu cha maisha yake tukigawe siku ya hitima, lakini kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, anasema kuwa marehemu hakuwa mbunge, hakupata nishani wala hakutajwa gazetini, na kwamba tutachekwa.

Tumeachiwa daftari tatu ambamo aliandika mashauri aliyoyasuluhisha: ugomvi wa wake na waume, mimba, madeni, kila kitu. Je, tuyachapishe? Na tufanyeje kuhusu jirani mmoja ambaye mpaka leo husema kuwa baba aliwapunja sukari wakati wa shida? Mama anataka tulinyamazie jambo hilo.

Msomaji, Pangani

JIBU

Pole sana, ndugu yangu, kwa kuondokewa na mzee, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nitaanza na kaka yako, kwa kuwa hoja yake si ya kupuuzwa. Wasifu tuliozoea kuusikia misibani ni orodha ya shule, vyeo na safari, na mtu aliyekaa miaka hamsini kwenye baraza moja na cherehani moja huimaliza orodha hiyo kwa mistari minne. Kaka yako anaiogopa mistari hiyo minne, na angekuwa na haki ya kuiogopa kama kijitabu chenu kingefuata mtindo huo.

Mwelezeni msomaji, kabla ya jambo lingine lolote, balozi alikuwa nani. Mjukuu aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 akikuta neno hilo peke yake atadhani babu yake alikuwa Muscat akiwakilisha nchi. TANU ilianza mpango wa nyumba kumi katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na wenye nyumba walimchagua mmoja wao awe kiungo kati yao na chama: akusanye ada, atangaze mikutano, ajue mgeni aliyelala mtaani ametoka wapi, aandike barua ya utambulisho, na asuluhishe magomvi kabla hayajafika mahakamani. Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa CCM, naye akaendelea. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa mtu wa chama kimoja tu, lakini katika miji mingi midogo watu waliendelea kubisha hodi kwake saa sita za usiku, wa chama chake na wasio wa chama chake. Kama ilikuwa hivyo kwa mzee wenu, liandikeni hilo kwa urefu, maana hapo hapakuwa na kanuni iliyomlazimisha kuufungua mlango.

Kuhusu kisomo, kaka yako akumbushwe kitu kimoja. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ilifuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza vipindi vya Redio Tanzania, wakasomewa kitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, kuhara na minyoo, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Idadi hiyo imeingia katika vitabu vya wataalamu wa elimu wa nchi za mbali. Kila kikundi kilikuwa na mtu aliyehakikisha redio ina betri, aliyewasomea kwa sauti wale wasiojua herufi, na aliyekwenda nyumba kwa nyumba kumtafuta asiyefika, na majina ya watu hao hayamo katika vitabu hivyo. Muulizeni mama kama baba aliongoza kikundi, na kilikutana wapi. Mwaka 1975 watu wazima walifanyiwa mtihani wa kusoma na kuandika nchi nzima; nendeni Bweni mkawaulize waliokuwa wakivuka mto kama waliufanya, na kama yupo mwenye cheti alichokihifadhi. Nendeni wiki hii. Aliyekuwa na miaka 25 wakati ule sasa amepita 70, na mwezi mmoja mliobakiza si mwingi.

Mkifika kwao, msiulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, maana mtajibiwa kuwa alikuwa mpole, mcheshi na hakubagua watu, maneno ambayo kila maiti wa pwani hupewa pamoja na sanda yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hadithi ya marehemu nayo huzimuliwa na sifa. Ulizeni siku moja. Alikuja saa ngapi? Alikaa wapi, kitini au mkekani? Alisema nini kwanza? Alipokwenda kukata sanda alibeba nini, na alipomaliza alikula hapo au aliondoka kimya? Wazee wengi hawashiki miaka, kwa hiyo wapeni pa kujishikiza: ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada yake, kabla ya kifo cha Sokoine mwaka 1984, au wakati wa zile mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998? Maneno yao yaandikeni kama walivyoyasema, kwa lafudhi yao, bila kuyanyoosha yafanane na taarifa ya habari.

Sasa daftari. Jibu langu ni kwamba msizichapishe, wala msizisome mbele ya wageni. Mke aliyekwenda kulia kwa balozi usiku alimwambia mtu mmoja, hakuuambia mtaa, na kulitunza neno hilo kulikuwa nusu ya kazi ya baba yenu. Msijidanganye kwamba kubadilisha majina kutatosha. Pangani ni ndogo, na ukiandika mvuvi mwenye wake wawili karibu na msikiti, kila mtu atahesabu vidole. Wahusika waliofariki wameacha watoto. Hata hivyo daftari zinaweza kusema mengi bila kufichua lolote: kwamba ni tatu, kwamba ya kwanza inaanza mwaka fulani, kwamba mwandiko ulianza kutetemeka ukurasa fulani, kwamba kila shauri lilifungwa kwa sahihi au kidole gumba cha pande zote mbili, kama ndivyo alivyofanya. Chagueni shauri moja jepesi, la mbuzi aliyekula mihogo ya watu au la mpaka wa ua, muwaombe ruhusa wenyewe, na mliweke zima. Madeni yaliyomo, kama yapo yanayomhusu marehemu mwenyewe, yapelekeni kwa warithi na kwa shehe wenu. Hayo si mambo ya kijitabu.

Daftari zenyewe zipigeni picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, picha hizo azishike mmoja wenu tu, kisha zifungeni kwa karatasi au kitambaa safi cha pamba, mziweke kwenye sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni. Msizifunge kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu kwa hewa ya pwani unyevu ukishaingia humo hautoki. Picha za zamani ziandikeni majina nyuma kwa penseli laini, tena leo, wakati mama bado anawatambua waliosimama humo.

Limebaki suala la sukari, nami hapa natofautiana na mama yako kwa heshima zote. Baada ya vita vya Kagera nchi ilikosa fedha za kigeni, na kwa miaka kadhaa sukari, sabuni, unga na khanga vikawa vitu vya foleni; katika sehemu nyingi mgawo ulipitia kwa mabalozi. Mtu aliyekabidhiwa kilo chache za kugawia nyumba kumi, moja ina watoto tisa na nyingine ina ajuza mmoja, hakuwa na namna ya kugawa ambayo isingemwacha mtu akinung'unika. Huenda alipunja, huenda alipima kwa vichwa wakati jirani alitarajia apime kwa nyumba. Mwendeeni jirani huyo, mkae, mumsikilize mpaka mwisho bila kumtetea marehemu, na kama baba yenu ana haki ya mtu shingoni mwake, hitima ndiyo wakati wa kumwombea radhi. Kisha, jirani akikubali, muandike aya moja bila kumtaja jina, mkieleza jinsi mgawo ulivyokuwa na kwamba wapo walioondoka wakiwa na kinyongo. Nimesoma wasifu nyingi za watu niliowafahamu, na nyingine zilinifanya nigeuze ukurasa wa kwanza kutazama picha ili nihakikishe kwamba ni yule yule.

Kijitabu kisizidi kurasa ishirini. Andikeni mapema, hata kama ni kwa mkono, na nakala ya kwanza msiipeleke kwa mchapaji. Mpelekeeni kaka yenu Dar es Salaam, mkiacha ukurasa mmoja mtupu baada ya ule wa cherehani, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, na huenda ndiye peke yake anayemkumbuka baba akiwa kijana, kabla ya ubalozi.