Dada wa Igoma mwenye mfuko wa vipande: anza na karatasi, sindano baadaye

Dada, umesema mama amekuachia mfuko mzima wa mabaki ya vitenge aliyokuwa anakata kwenye kazi yake ya ufundi, wewe huna cherehani, umeona kwenye simu tandiko la pembesita, yaani vipande vidogo vyenye pande sita zilizo sawa, na unataka kujua uanzie wapi. Mimi nimeshona hizi pembesita kwa mkono miaka tisa sasa, sehemu kubwa nikiwa ndani ya kivuko cha Kamanga, maana nilikuwa nafundisha upande wa Sengerema na navuka asubuhi na jioni. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Kabla hujatunga uzi, likukae hili kichwani: usahihi wa kazi hii unatoka kwenye karatasi, wala si kwenye wepesi wa vidole. Kitambaa kinavutika. Kitenge ukikikata mshazari kinageuka umbo hapo hapo mkononi. Karatasi haivutiki, kwa hiyo unaivika kitambaa, unaunga kingo kwa kingo, na mwisho unaitoa. Waingereza wameunga hivi hata hariri, ambayo inateleza kuliko dera. Lipo tandiko la hariri lenye mwaka 1718 ndani ya mapambo yake, linatunzwa na Quilters' Guild, chama cha washonaji wa matandiko cha huko, na limeshonwa juu ya karatasi kama utakavyoshona wewe.

Mimi nilikosea hapo hapo mwanzoni. Nilipata mchoro mmoja, nikaupeleka kwenye duka la fotokopi, nikapewa nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine, nikakata karatasi zaidi ya 60. Nilipofika mzunguko wa pili pembe zikakataa kukutana. Milimita moja huioni kwenye kipande kimoja. Lakini kila mahali pembe tatu zinatakiwa zikutane kwenye nukta moja, kila pembe digrii 120, jumla 360 bila nafasi kubaki, na kosa dogo linajilimbikiza mpaka kazi inainuka katikati kama bakuli. Hakuna pasi inayolaza kitu hicho. Nilifumua yote, na iliniuma kweli, kwa sababu zilikuwa jioni za miezi miwili.

Dawa ni bikari ya mkebe wa mwanafunzi. Itanue sentimita 2.5, chora duara. Usiiguse tena: chomeka ncha popote kwenye mstari wa duara, weka alama mbele yake, hamia kwenye alama, weka nyingine, na ya sita itakurudisha ulikoanzia. Unganisha alama kwa rula, una pembesita ambayo kila upande ni sentimita 2.5. Hicho ndicho kipimo wanachotaja washonaji, urefu wa upande mmoja, wala si upana wa kipande kizima. Mimi ya kwanza niliichora kwenye kifuniko cha ndoo, nikakata kwa wembe. Kipande hicho cha plastiki ndicho mama, yaani kielelezo. Karatasi zote chora kutoka kwake. Ukichora kwa kufuata karatasi uliyokata jana, kila kizazi kinanenepa kwa unene wa ncha ya penseli.

Karatasi yenyewe isiwe ya daftari, inalegea mapema. Manila ngumu nayo inagoma kukunjwa, na utahitaji kuikunja, nitafika huko. Zinazonifaa kuliko zote ni kadi za michango ya harusi, zile laini. Kila nyumba ya Mwanza ina rundo la kadi hizo kwenye droo. Napenda pia jinsi majina ya maharusi yanavyokaa ndani ya kazi mpaka siku ya kutolewa. Huko Uingereza yapo matandiko ya zamani ambayo hayakumalizwa, karatasi bado zimo, na watu wanasoma humo vipande vya barua na hesabu za nyumbani za wakati ule.

Sasa mfuko wa mama yako. Umwage kitandani utenge. Dera, satini na chochote kinachoteleza weka kando kwa sasa. Kama hujui kipande ni pamba au la, chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, ya plastiki inayeyuka na kuganda kama shanga. Vitenge vifue kwanza, vyote, hata vinavyoonekana vipya. Wanga wa dukani ukitoka kitambaa kinakunjika vizuri, na rangi inayochuja utaijua mapema. Chovya kipande chekundu au cha bluu iliyoiva, kilaze juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Kikiacha alama, endelea kukifua au kitupe. Nina mto mmoja ambao katikati yake palikuwa peupe na leo ni pa waridi.

Khanga ni nyepesi kuliko kitenge, lakini zinakaa pamoja bila ugomvi. Usikate khanga ovyo. Weka kile kielelezo cha plastiki juu ya mji, sehemu ya katikati ya khanga, uone ua gani linaingia katikati ya pembesita, au kata kwenye jina, yale maandishi yake, ili neno moja libaki humo. Vipande sita vyenye ua lile lile katikati, vikizunguka kipande cha rangi moja, vinakuwa kama vimechorwa na mtu mmoja. Rangi moja ndiyo utakayoikosa kwenye mfuko wa fundi wa vitenge. Nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja ukatafute shati la kiume la mtumba la pamba tupu. Mgongo wake pekee unatoa vipande vingi sana.

Kuvika: weka karatasi upande wa nyuma wa kitambaa, kata ukiacha milimita 6 au 7 kuzunguka. Kunja upande mmoja, kunja unaofuata, na pale mikunjo inapopandana kwenye pembe pitisha sindano mara mbili kwenye kitambaa tu, usiguse karatasi. Endelea pembe kwa pembe mpaka umezunguka. Bandi hiyo, yaani mshono huo wa kushikiza, haifumuliwi, inabaki nyuma milele, na karatasi inatoka nzima uitumie tena. Kwa pembesita kubwa, upande wa sentimita 4 kwenda juu, piga bandi kupitia karatasi yenyewe, la sivyo kitambaa kinalegea katikati ya upande.

Kuunga ndiko kunakotaka utulivu. Weka mbili uso kwa uso, pembe zilingane. Anza kama nusu sentimita kabla ya pembe, rudi mpaka penyewe, kisha geuka uende hadi pembe ya pili. Pembe ndipo panapofumuka, kwa hiyo pashonwe mara mbili. Sindano inyanyue nyuzi mbili au tatu tu za ukingo wa mkunjo. Ukisikia inakwaruza, umechoma karatasi, rudi. Mishono 5 kwa sentimita inatosha. Uzi wa cherehani wa kawaida unafaa, usizidi mkono mmoja, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, maana mrefu unajifunga. Upitishe kwenye nta ya nyuki kama unayo. Rangi ya kijivu inajificha kwenye karibu kila kitenge.

Utaanza na ua: moja katikati, sita kuzunguka. Shona zote sita kwa ile ya kati kwanza, halafu funga mbavu, yaani pande zinazopakana kati yao. Hapo ndipo unapokunja kipande cha kati mara mbili, karatasi na yote, ili kingo mbili zilale sambamba. Usiogope kukikunja.

Karatasi usiitoe mpaka pembesita yake imezungukwa pande zote sita. Hili watu wengi hawana subira nalo, wanataka kuona kazi ikilegea kama nguo. Ukiitoa mapema ukingo unabaki hauna kitu cha kuushika, na kipande kinachofuata hakitakaa sawa. Piga pasi kwanza, ndipo utoe.

Umeuliza pia kuhusu tandiko la kitanda cha tano kwa sita. Kwa pembesita za sentimita 2.5 ni kama 1,660, na kwa za sentimita 5 ni kama 415. Sikukatazi. Ila mwaka huu fanya mto: ua la 7, ongeza mzunguko wa 12, ongeza wa 18, jumla 37, utapata kitu chenye upana wa sentimita 30. Unakilaza juu ya amerikani ya sentimita 40 kwa 40, unakishona ukingoni kwa mkono huo huo, halafu unatoa karatasi za pembeni kwa nyuma, kupitia tundu unalokata kwenye amerikani.

Kifaa chote kinaingia kwenye kopo la maziwa: sindano mbili fupi nyembamba, mkasi mdogo, uzi, pembesita 20 zilizokwisha kuvikwa. Kuvika nafanya nyumbani usiku, kuunga nafanya safarini. Kivukoni ukikaa upande wa dirisha unamaliza ua zima kabla ya Ijumaa.

Ukifika kwenye ule mzunguko wa 18 na bluu ikakuishia, niandikie. Nina mji mzima wa khanga ya bluu haujaguswa, na Jumamosi huwa napita Igoma.