Begi la kamera la safari ya nje: kipi kiende, kipi kibaki

Ukitaka kujua usafiri na lenzi gani, usianze kwa kutandaza vifaa vyako kitandani. Fungua kwanza picha ulizokwisha kupiga. Picha ya kidijiti kwa kawaida hubeba ndani yake taarifa za lenzi iliyotumika, urefu wa fokasi (milimita zinazoonyesha lenzi inaona kwa upana au inavuta karibu kiasi gani), kasi ya shata (muda inaokaa wazi kupokea mwanga), ISO (kiasi kamera inavyokuza mwanga ilioupokea) na saa. Programu kama Lightroom hukuwezesha kuzichuja kwa lenzi. Chukua picha za safari iliyopita, au za sherehe na matembezi ya mwaka huu, ubakishe zile tu ambazo ungemwonyesha mtu bila kuombwa. Sasa tazama zilipigwa na nini.

Nilipolifanya zoezi hili nilikuta picha zangu ninazozipenda zimelundikana kati ya milimita 28 na 50. Lenzi ya 70-200 ilikuwa na picha chache, nyingi zikiwa za minara ya mbali ambayo hata majina yake siyakumbuki. Zako huenda zikasema kinyume kabisa, na hilo ndilo jibu lako, hata kama mitandaoni wanakuambia vingine. Tangu hapo kila kifaa nakiuliza swali moja kabla hakijaingia begini: ni picha gani nitaikosa bila wewe, na je, nitaijutia? Kisichokuwa na jibu la haraka hubaki nyumbani.

Uzito nao usiutazame kwenye mizani peke yake. Asubuhi begi lolote ni jepesi. Lipime saa tisa alasiri, ukiwa umekwisha tembea tangu kifungua kinywa, jua kali, na bado kuna ngazi za kupanda. Hapo ndipo kamera inapobaki begini kwa sababu umechoka kuitoa, na kamera iliyo begini haipigi picha. Wataalamu wengi husifu lenzi tatu za zumu (za kuvuta na kurudisha) zenye tundu la f/2.8; namba hii ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi zaidi. Kwa Canon za aina ya RF ni 15-35 yenye gramu 840, 24-70 yenye gramu 900 na 70-200 yenye gramu 1,070. Jumla ni kilo 2.8, kabla hujaweka bodi ya kamera, betri wala maji ya kunywa. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakukosea: anayekushauri ubebe zote tatu hatembei na wewe.

Badala yake fikiria 24-105 ya f/4, gramu 700, pamoja na 50 ndogo ya f/1.8 yenye gramu 160. Hazifikii hata kilo moja. Unapoteza nini? Kutoka f/2.8 kwenda f/4 unapoteza nusu ya mwanga, yaani pale ulipohitaji ISO 1600 sasa utahitaji 3200. Kamera za miaka ya karibuni zinaimudu ISO hiyo bila kelele za kukera, yaani chengachenga kwenye picha. Giza likizidi unavalisha ile 50, ambayo kwenye f/1.8 hupokea mwanga zaidi ya mara mbili ya lenzi ya f/2.8. Kwa hiyo mchana una zumu ya kukufikisha karibu kila mahali, na usiku una lenzi nyepesi ya kuingia nayo mitaani bila kutisha watu. Kama mfumo wako ni Sony, Nikon, Fujifilm au mwingine, majina na gramu vitabadilika ila hesabu ni ileile.

Kumbuka tu ukubwa wa sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Milimita ninazozitaja ni za kamera za fremu kamili, zenye sensa kubwa; APS-C na Micro Four Thirds ni sensa ndogo zaidi. Mwenye kamera ya APS-C azidishe namba ya lenzi yake kwa 1.5 (kwa Canon ni 1.6), na mwenye Micro Four Thirds azidishe kwa 2, ndipo apate upana wa picha unaolingana. Lenzi ya milimita 50 kwenye APS-C si ya matumizi yote tena. Inakuwa kama 75, nzuri kwa sura za watu, lakini ndani ya chumba utajikuta mgongo umegota ukutani.

Kuna pia kundi la lenzi moja tu. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alizunguka dunia na kamera ndogo ya Leica, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa milimita 50. Mimi naipenda safari ya namna hiyo kwa mji mmoja na siku chache, kwa sababu baada ya muda mfupi jicho linaanza kuona kwa upana wa lenzi ile na miguu inajua isimame wapi. Lakini simshauri mtu anayekwenda kutazama wanyama. Simba aliye mita mia moja huwezi kumfuata kwa miguu. Kwa mbuga chukua lenzi inayofika milimita 400 au zaidi, kubali uzito wake, kisha pembeni yake weka lenzi moja ndogo tu. Kosa ninaloliona kwa wasafiri wengi ni kuongeza lenzi ndefu juu ya zile nyingine zote badala ya kuziondoa nyingine ili hiyo ipate nafasi.

Lenzi pana sana, ya milimita 16 kushuka chini, ndiyo watu huipigania kuliko zote, na ndiyo naiacha kwa urahisi zaidi. Simu janja nyingi sasa zina kamera ya ziada yenye upana wa takriban milimita 13, na kwa ukumbi mkubwa au uchochoro mwembamba mchana inatosha. Simu hiyohiyo ndiyo bodi yangu ya pili. Bodi ya pili ya kweli naibeba tu kama kuna anayenilipa, au kama naenda mahali ambapo siwezi kurudi.

Tripodi? Mara nyingi hapana. Taj Mahal hawaruhusu kuingia nayo, na makumbusho na mahekalu mengi duniani ni hivyohivyo, kwa hiyo unaweza kuibeba kilomita elfu kadhaa ili ikae kwenye kabati la mlangoni. Kamera yenye kitulizaji cha mtikisiko ndani ya bodi hukupa shata ndefu mkononi kuliko unavyodhani, na pale inaposhindwa, weka kamera juu ya ukuta au kiti, washa kipima muda cha sekunde 2, uondoe mkono. Anayefuata nyota au mianga ya kaskazini ndiye asiyeweza kuikwepa, maana pale fremu moja huweza kuchukua sekunde 10 au 20.

Na kuhusu droni: soma sheria za nchi unayoenda kabla hujainunulia hata betri. Moroko huzuia kuingiza droni bila kibali, nazo huzuiliwa forodhani. Misri nayo haina mchezo na jambo hilo. Marekani inaruhusu droni kwa masharti, lakini tangu mwaka 2014 imepiga marufuku kuzirusha ndani ya hifadhi zake za taifa. Zile ndogo zisizofika gramu 250 hupata nafuu ya usajili katika baadhi ya nchi, lakini afisa wa forodha hana haja na mizani yako kama nchi yake imekataza zote.

Nikae kidogo kwenye betri, kwa sababu hapa ndipo wasafiri wengi hukwamia uwanja wa ndege. Betri za akiba za lithiamu, pamoja na pawabenki, haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Zinakaa na wewe ndani. Sababu ni moto: betri ikipata shoti ndani kwenye abiria, wahudumu wanaweza kuikabili, lakini chini kwenye mizigo hakuna wa kuiona. Kipimo kinachotumika ni wati-saa, yaani kiasi cha nishati ndani ya betri. Hadi 100 hakuna haja ya ruhusa ya pekee. Kuanzia 100 hadi 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili. Zaidi ya 160 usijisumbue kwenda nayo. Kuna mashirika yenye masharti makali zaidi, hasa kwa pawabenki, kwa hiyo soma ya ndege yako.

Kama betri haijaandikwa wati-saa, zidisha volti kwa mAh (namba ya ujazo wa betri) kisha ugawe kwa 1,000. Betri ya kamera ya volti 7.2 na mAh 2,280 inatoa kama 16.4, mbali sana na kikomo. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye seli za volti 3.7 inatoa 74, nayo inapita. Ile ya 30,000 inafika 111, na hapo umeshaingia kwenye kuomba idhini. Namba iwe imechapwa juu ya pawabenki yenyewe na isomeke, kwani afisa hatafanya hesabu kwa niaba yako. Funika ncha za betri kwa kifuniko chake au gundi ya karatasi, zisigusane na funguo au sarafu. Na ukiambiwa mlangoni kwamba ndege imejaa, begi lako la mkononi linashushwa chini, toa betri na pawabenki kwanza, kisha kamera, ndipo ulitoe begi. Mimi huziweka zote kwenye kimfuko kimoja juu kabisa, nikivuta kimoja zimetoka zote.

Kwa matembezi ya siku nzima betri tatu zinanitosha. Kwenye baridi kali ongeza, kwa sababu baridi huifanya betri ionekane imeisha kabla ya wakati. Iweke mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili, na mara nyingi itafufuka. Ukirudi kwenye chumba chenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujaingia na uiache humo hadi ipate joto, ili umande ukae juu ya plastiki badala ya ndani ya lenzi. Dawa ni hiyohiyo ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto lenye unyevu.

Chaja nyingi za kamera zimeandikwa 100-240V, 50/60Hz. Ukiyaona maandishi hayo huhitaji kibadilisha umeme, adapta ya umbo la plagi inatosha. Beba adapta moja tu, pamoja na ekstensheni ndogo ya kwenu yenye soketi kadhaa: chomeka adapta ukutani, ekstensheni kwenye adapta, na vifaa vyote vikachaji kwa plagi zake za kawaida. Kama bodi yako inachaji kwa waya wa USB-C, hata chaja unaweza kuiacha.

Ile 50/60Hz ina jambo jingine ambalo anayepiga video lazima alijue. Taa nyingi hupepesa kwa kufuata mzunguko wa umeme, na shata isiyopatana nao huleta mistari inayotembea kwenye picha. Penye umeme wa 50Hz tumia 1/50 au 1/100, na penye 60Hz, kama Marekani, tumia 1/60 au 1/120. Japani ina vyote viwili: mashariki, Tokyo ikiwemo, ni 50, na magharibi, kama Osaka, ni 60. Ukipanda treni kutoka mji mmoja kwenda mwingine, badilisha na mpangilio wa kamera.

Kadi za kumbukumbu hazina uzito, kwa hiyo usizibanie. Kadi ya GB 64 hubeba takriban faili 2,000 za RAW (picha ghafi kutoka kwenye sensa) zenye MB 30 kila moja. Napendelea kadi kadhaa za ukubwa huo kuliko moja kubwa, ili ikipotea moja isiondoke na safari nzima. Kila usiku nanakili kwenye diski ndogo ya SSD, kadi nazitia begi moja na diski begi jingine, na sifuti kitu hadi nifike nyumbani. Kama kamera ina nafasi mbili za kadi, ipange iandike kila picha kwenye zote mbili. Mashine za eksirei uwanjani haziharibu kadi, lakini anayepiga filamu ana shughuli nyingine. Mashine mpya za CT, zinazopiga eksirei kutoka pande nyingi, zinaweza kuichoma filamu ya ISO yoyote, kwa hiyo iweke kwenye mfuko unaoonyesha ndani na uombe kwa upole ikaguliwe kwa mkono.

Begi lenyewe lisipige kelele kwamba lina kamera. Mkoba wa kawaida wenye kigawanyio laini ndani unafanya kazi, tena ni mwepesi, na mashirika mengi yanakupa kilo 7 tu za mkononi. Ongeza pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, kitambaa cha lenzi na filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'aro. Ukishafunga kila kitu, livae ukatembee nusu siku mahali popote. Mabega yatakuambia ni lenzi gani ya kutoa.

Mwisho ni karatasi. Piga picha namba za vifaa vyako na risiti zake, uzihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe. Zitakusaidia polisi na bima, na forodha ikitaka ushahidi kwamba kamera uliondoka nayo. Nchi nyingine zina fomu ya kusajili vifaa kabla hujatoka, na ni vizuri kuijaza. Kwenye bima tazama kikomo cha kifaa kimoja, si jumla tu, maana lenzi moja nzuri huweza kukizidi. Anayekwenda kufanya kazi na shehena ya vifaa vya kitaalamu aulize chemba ya biashara ya nchi yake kuhusu hati ya ATA Carnet, ambayo huruhusu kuviingiza kwa muda bila ushuru katika nchi zinazoitambua na hudumu hadi mwaka mmoja. Mwenye bodi moja na lenzi mbili za likizo kwa kawaida hana haja nayo.