Mshahara umepungua: je, naweza kujipunguzia matunzo ya watoto?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullah, Sheikh wangu. Mimi na mama watoto tuliachana miaka mitatu iliyopita. Watoto wetu wawili, wa miaka tisa na sita, wako kwake. Mahakama ilinipangia kiasi cha kutoa kila mwezi, nami nilikuwa nikitoa bila shida. Miezi saba nyuma kazini walitupunguzia saa, mshahara ukabaki kama nusu. Nikaanza kupeleka nusu ya kile kiasi. Sikumwambia mtu, maana Qur'ani imesema Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Tena mwenzangu siku hizi ana kazi, na mimi nimeoa, mke wangu ni mjamzito. Likizo watoto walikaa kwangu mwezi mzima, nikawanunulia viatu na mabegi ya shule. Mwezi ule sikutuma kitu. Sasa mama watoto anasema nina deni na atanirudisha mahakamani. Je, nina deni kweli mbele ya Mwenyezi Mungu? Na hawa mahakimu hutumia kipimo gani?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu.

Ndiyo, una deni. Nimelitanguliza hilo ili usisome barua yote hii ukilitafuta mwishoni.

Aya uliyoitaja inakuhusu, lakini umeshika kipande chake. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, maneno ya uwezo yametanguliwa na wajibu: ni juu ya baba chakula chao na mavazi yao kwa wema. Kisha yakafuatwa na katazo: mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Pande zote mbili zimelindwa. Ukiwa na dhiki una haki ya kupunguziwa. Hilo limerudiwa waziwazi katika Suratut Talaq, aya ya 7, kwamba mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyedhikika atoe katika alichopewa. Kosa lako halimo katika kupungukiwa. Limo katika kujikatia hukumu mwenyewe, kimya kimya, mama watoto akifungua simu mwisho wa mwezi na kukuta nusu bila neno.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui, na wanaolijua hulitumia vibaya. Katika madhehebu ya Imam Shafii, matunzo ya mke yana kiwango kilichotajwa kwa mudi, yaani kipimo cha nafaka: mudi mbili kwa siku kwa tajiri, moja na nusu kwa wa kati, moja kwa fukara. Asipopewa, hugeuka deni hata miaka ikipita. Matunzo ya mtoto hayana kiwango. Kipimo chake ni kinachomtosha. Na kwa sababu yamewekwa kuziba haja ya siku ile, siku ikipita yamepita, hayawi deni. Isipokuwa mahali pamoja: kadhi akiyapanga, au akimruhusu mlezi akope kwa jina la baba. Hapo huwa deni shingoni. Fungua Minhaj, kitabu cha sheria za Kishafii cha Imam Nawawi, utaikuta. Wewe hakimu alishakupangia. Ule mlango wa "siku imepita" umefungwa tangu siku ile ya amri.

Utaniuliza, hata kama mahakama si ya kadhi? Mimi naona ndiyo. Wajibu wenyewe umewekwa na sheria ya Mwenyezi Mungu; hakimu amekadiria tu kiasi, na watu wawili waliogombana hawawezi kukaa bila mkadiriaji. Hata sheria za kidunia zimefika karibu na palepale. Marekani, tangu 1986, sheria yao ya shirikisho inazuia hakimu kufuta nyuma malimbikizo ya matunzo ya mtoto: kila mwezi uliofika bila kulipwa ni deni kamili, na punguzo haliwezi kurudi nyuma zaidi ya siku mwenzako alipopewa taarifa ya ombi lako. Ndiyo maana nasema miezi yako saba ya kunyamaza ndiyo iliyokugharimu kuliko ule mshahara uliopungua. Ungeenda wiki ya kwanza na karatasi mbili za mshahara, ya zamani na mpya, leo tusingekuwa tunaandikiana.

Kuhusu kipimo. Mimi si wakili, nakueleza ninayoyajua kwa kukaa na watu kwenye mabaraza ya suluhu. Mahakama za dunia hazifuati njia moja. Ziko zinazochukua asilimia ya kipato cha anayelipa. Jimbo la Wisconsin, Marekani, kwa kawaida ni asilimia 17 kwa mtoto mmoja, 25 kwa wawili, 29 kwa watatu. Ukitazama vizuri utaona mtoto wa pili haongezi sawa na wa kwanza, kwani nyumba ni ileile na taa ni ileile. Ziko zinazojumlisha vipato vya wazazi wote wawili, zikakadiria watoto wangetumiwa kiasi gani kama nyumba isingevunjika, kisha kila mzazi akabeba fungu lake. Na ziko zinazomwachia hakimu apime mwenyewe: haja za mtoto, ada, matibabu, uwezo wa baba na mama, na watoto wengine wanaokutegemea.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyo karibu na fikihi, yaani elimu ya sheria za dini yetu. Hindu binti Utba alipomshtakia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili na hampi wa kumtosha, aliambiwa achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Hakutajiwa idadi ya dirhamu. "Kinachotosha" na "kwa wema" ni maneno mawili yanayochungana: la kwanza linamzuia baba asibane, la pili linamzuia mama asizidishe.

Kazi ya mwenzako. Mahakama nyingi zitaitia kwenye hesabu, na huenda fungu lako likapungua kwa haki. Lakini katika dini yetu mzigo wa asili ni wa baba, na mshahara wa mama hauuondoi maadamu baba anaweza. Hakimu akikupunguzia kwa sababu mama anafanya kazi, huna dosari kwa kufuata amri. Ila ukipata wasaa, ongeza bila kuambiwa. Na usije ukafanya kama wale wanaoacha kazi makusudi ili waonekane hawana. Mahakimu wamewazoea, humhesabia mtu kile ambacho angeweza kuchuma, si kile alichojifanya kuchuma. Wanachuoni wa Kishafii nao waliliona mapema: baba mwenye uwezo wa kuchuma, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hulazimishwa achume kwa ajili ya mwanawe. Sikutuhumu wewe, wewe umepunguziwa saa, hukujipunguzia.

Mke wa sasa. Hapa nitakuwa mkweli ingawa jibu hili laweza kutumiwa vibaya. Katika utaratibu wa Kishafii, mtu asiye na kitu cha kuwatosha wote huanza na nafsi yake, kisha mke, kisha watoto wadogo. Iko hadithi ya mtu aliyekuwa na dinari, Mtume akamweleza aanze kumpa nani: katika mapokezi ya Abu Daud mtoto ametangulia mke, na katika ya Nasai mke ametangulia. Lakini mpangilio huo ni wa mtu ambaye tonge halitoshi. Haumhusu mwenye nusu ya mshahara na wote wanaweza kugawiwa, japo kwa kubana. Mtoto anayekuja mtaje kwenye ombi lako, akizaliwa ana haki sawa na kaka zake. Ndoa mpya yenyewe, usitegemee hakimu aichukulie kuwa sababu. Uliijua hali yako ulipooa.

Na ule mwezi wa likizo. Aliwahi kuja kwenye suluhu baba mmoja na mfuko wa risiti, akazipanga mezani moja moja kama karata. Ya juu kabisa ilikuwa ya gari la kuchezea la rimoti, nalo si la bei ndogo. Mama aliiangalia akauliza swali moja tu: "Mwenye nyumba nimpe gari?" Yule baba alizikusanya risiti zake. Viatu ulivyonunua ni wema wako na una thawabu, lakini kodi ya chumba wanacholala watoto haikusimama walipokuwa kwako, wala ada. Siku za watoto kukaa kwa baba huhesabika kweli katika nchi kadhaa. Uingereza, wakilala kwake kati ya usiku 52 na 103 kwa mwaka, malipo hupungua kwa moja ya saba. Ila hukatwa katika hesabu yenyewe tangu mwanzo, baba hajikatii jikoni kwake. Huko huko, kipato kikibadilika katikati ya mwaka, kwa kawaida hesabu haiguswi mpaka kiwe kimepanda au kushuka kwa asilimia 25 au zaidi. Chako kimeshuka nusu, hoja unayo.

Kwa hiyo nenda mahakamani wiki hii kabla hajaenda mama watoto, upeleke ombi la kubadilisha kiasi, na karatasi zako. Mpaka amri mpya itoke, toa kadiri unavyoweza kufikia kile cha zamani, na umwandikie mwenzako kwa nini hakijatimia. Kwa miezi iliyopita, mwombe mpange mafungu mbele ya mahakama. Aliyedhikika hungojewa mpaka apate, ndivyo ilivyo katika aya ya 280 ya Baqara. Akipenda kukusamehe alichotoa mfukoni mwake kuziba pengo lako, ni mali yake, lakini wekeni msamaha huo kwa maandishi mbele ya hakimu. Ya miezi ijayo hawezi kuyasamehe hata akitaka, maana hayo ni ya watoto.

Wallahu aalam.