Aloha inamfunga nani kwanza?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasimamia wahudumu 14 hotelini. Tangu mkurugenzi wetu atoke semina, neno "aloha", yaani upendo na salamu kwa Kihawaii, limebandikwa kwenye mlango wa jikoni, na wahudumu wanaagizwa kumpokea mgeni kwa tabasamu la Kihawaii hata mishahara inapochelewa. Wenyewe wanalicheka. Je, mila za Hawaii zina la kumfundisha msimamizi, au ni pambo tu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Zinalo, ila karatasi hiyo ingebandikwa kwenye mlango wa mkurugenzi. Sheria ya jimbo la Hawaii ya mwaka 1986, inayoufafanua moyo wa aloha kuwa ni upole, umoja, ukunjufu, unyenyekevu na subira, inawataja kwa vyeo vyao gavana, wabunge na majaji kama watu wa kuuzingatia wanapotumia mamlaka. Wahudumu wa hoteli haiwataji.

Inasimuliwa kwamba Kamehameha, aliyekuja kuviunganisha visiwa vya Hawaii, akiwa kijana aliwashambulia wavuvi pwani, mguu wake ukanasa katika ufa wa mwamba, na mvuvi mmoja akampiga kasia kichwani hata likapasuka. Miaka baadaye, wavuvi hao walipoletwa mbele yake wakingoja kifo, alikiri kwamba mkosaji ni yeye, akawaachilia, kisha akatoa amri kwamba wazee, wanawake na watoto walale kando ya njia bila kudhuriwa. Amri hiyo ya Kasia Lililopasuka imo katika katiba ya jimbo tangu 1978.

Lipo pia neno "kuleana". Sisi tuna haki na tuna wajibu, maneno mawili, na ndiyo maana ni rahisi mkubwa kushika la kwanza na kumwachia mdogo la pili. Kwa Wahawaii yote mawili yamo katika neno moja. Konohiki, msimamizi wa ardhi ya chifu kutoka mlimani hadi baharini, aligawa maji ya mifereji, lakini akizidi ukali, wakulima waliweza kuhamia kwa chifu mwingine. (Nadhani unawajua wahudumu waliokwisha kufanya hivyo.)

Ugomvi ukizuka, yapo mashauri ya ho'oponopono, ambayo kwa asili ni ya familia: kila mtu husema kupitia kwa mzee anayeyaongoza, na hasira zikipanda, wote hunyamaza kwanza. Hata hivyo, maadamu kinachochelewa ni mishahara, kikao chako cha kwanza kiwe na mkurugenzi.